Mwanamke Aliyelipima Kanisa Letu

Jumatatu, 7 Mei 1923

Mgeni ameingia kijijini kwetu Valdehornos amepanda nyumbu. Mwanamke, peke yake, buti za kiume. Padre Lesmes anasema ni Bi Winslow, mwalimu wa chuo cha wanawake huko Amerika, bingwa wa sanaa ya Hispania na majengo ya kale. Eti ndiye mwanamke wa kwanza kuyazungukia makanisa ya nyanda hizi, moja baada ya jingine, ayaandikie kitabu. Nikauliza, kwao hakuna makanisa? Padre akasema yapo, ila mapya. Basi! Nimeelewa. Amekuja kuchukua letu.

Mimi Eutimio ndiye mtunza kanisa, kama baba, kama babu. Funguo ziko kiunoni mwangu. Macho yangu yako kwake.

Jumanne, 8 Mei

Amepima kanisa kwa utepe. Ukuta, mlango, nguzo. Nani hupima kitu asichotaka kukibeba? Kisha akalala chali sakafuni, kwenye vumbi, akitazama juu. Nililala kando yake nione anachokiona. Dari. Popo mmoja. Akaniambia, kwa Kihispania kizuri kuliko cha Padre, kwamba nguzo za kushoto zilichongwa na fundi mmoja na za kulia na mwingine, na huyo wa pili alikuwa mtu wa mzaha, maana malaika aliowachonga juu ya nguzo wote wanacheka. Maisha yangu yote nafagia chini ya malaika hao! Sikujua wanacheka. Sasa nashuku wananicheka mimi.

Kwenye kilabu cha mvinyo nimekutana na Don Fulgencio, bwana wa mjini mwenye motokaa, ndevu zimepakwa mafuta. Uso wa mtu mwaminifu kabisa. Amenionya kuwa Waamerika hununua hata mawe ya makaburi. Akaniagizia mvinyo. Akanionea huruma. Nyumbani sionewi huruma.

Jumatano, 9 Mei

Msiba. Hapa kwetu Mama Bikira wa mbao, sanamu yetu, huvishwa na wanawake tu. Siku ya kumbadilisha joho hakuna mwanamume anayebaki kanisani. Hata Padre hutoka. Maprofesa wa kiume wamewahi kuja, wakaondoka wameona uso na mahameli, basi. Hata mimi sijui kuna nini chini ya joho. Na leo mke wangu Obdulia, mkuu wa wavishaji, amemwingiza Bi Winslow na kunifungia nje. Kwa funguo zangu mwenyewe!

Nilitega sikio. Kisha mgeni akalia. Nani hulia mbele ya kitu asichotaka kukiiba?

Obdulia alipotoka alinieleza kwamba Mama hajasimama kama tunavyodhani. Ameketi, Mwana yuko magotini, rangi yake bado ipo, umri wake miaka mia saba, na Bi Winslow hajapata kuona mwingine kama yeye. Nilishangaa kwamba ameketi. Obdulia akasema wanawake wote wa kijiji wanajua tangu zamani. Sisi wanaume hatukuwauliza.

Alhamisi, 10 Mei

Nina mpango. Don Fulgencio atamhifadhi Mama mjini hadi mgeni aondoke. Wazo ni langu. Yeye alinisaidia kulipata. Kwa kuwa mkono wa mwanamume hauruhusiwi, nilimwamuru Obdulia amvue na kumfunga kwenye blanketi. Alinitazama kama anavyomtazama nguruwe ifikapo Novemba, mwezi wa kuchinja. Akakubali upesi.

Nilipokea mzigo nimefumba macho. Mzito! Don Fulgencio naye hakufungua. Aliondoa motokaa kwa kasi hata kofia ikamtoka. Hakurudi kuiokota. Mtu wa ibada huyo, hajali vitu vya dunia.

Ijumaa, 11 Mei

Bi Winslow amemtahadharisha Padre: katika kijiji jirani, bwana mmoja mwenye motokaa na ndevu za mafuta alichukua sanamu "aihifadhi". Haijarudi.

Supu yangu ya vitunguu saumu nimewamwagia kuku. Jumanne ni sikukuu ya Mtakatifu Isidro. Mama hutoka kubariki mashamba. Asipotoka, watanivua funguo. Baada ya funguo, ngozi.

Jumapili, 13 Mei

Nimejaribu kuugua. Obdulia ameleta mafuta ya mbarika. Nimepona.

Nikajaribu kumnong'oneza mwashi kwamba huenda mgeni ameiba. Akauliza ameiba nini. Nikasema bado.

Jumanne, 15 Mei

Nilifungua mlango wa kanisa kama anayefungua kaburi lake. Wanawake wakaingia, wakatoka na Mama begani. Joho, taji, uso uleule! Nilipiga magoti kwenye matope. Watu wakasema, tazameni imani ya Eutimio. Obdulia akaniinamia sikioni.

"Inuka, mzee. Ulidhani nitakukabidhi Mama Bikira? Kuku wenyewe unasahau kuwafungia."

Bi Winslow alikuwa amemwonya kuhusu zile ndevu. Tangu Alhamisi Mama alikuwa nyuma ya pazia la wavishaji, eti anaandaliwa kwa sikukuu. Kilichokuwa kwenye blanketi ni kisiki cha mzabibu. Mchukuzi mmoja mwenye nyumbu alimkuta Don Fulgencio darajani, anakipiga mateke. Obdulia na mgeni wamecheka siku nzima, kama malaika wa nguzo za kulia.

Jumatano, 16 Mei

Bi Winslow ameondoka. Alinishika mkono, akanishukuru kwa kumfungulia mlango kila asubuhi. Kwa nini anishukuru? Nimekagua nguzo zote. Zipo. Hapo ndipo unapouona ujanja wake.

Mchana amefika bwana mwingine, mpole, sauti kama ya askofu. Hana ndevu kabisa. Nimemwangalia vizuri, safari hii sidanganyiki. Amemlaani Don Fulgencio kwa uchungu. Ana wasiwasi mkubwa juu ya kengele yetu. Anajua mahali salama.

Nimemwonyesha ngazi. Obdulia anauliza natafutia nini blanketi. Nimemwambia nasikia baridi.