Kesi ya Sabuni Mgongoni mwa Kisigino

Redio alifika kijiweni asubuhi hiyo na habari ya moto kuliko kahawa. Huyu ni fundi wa redio, lakini yeye mwenyewe ndiye asiyezimika. Alikuwa ameisikia ikitangazwa: jamaa mmoja huko mbali kahangaika na vipele tumboni, kanywa dawa za kila rangi, kahama nyumba, kumbe mbaya wake ni kifungo cha suruali. Madaktari walimbandika vitu vidogovidogo mgongoni, kila kimoja na kibandiko chake, wakakaa kusubiri ngozi itanuna wapi.

"Kifungo?" akasema Wakili. "Si angevaa kamba tu."

Wakili anatoa kopi za karatasi za watu, na huzisoma kwanza kabla ya kuzitoa. Uwakili wake wote kauokota humo.

Wote wawili wakageuka kumtazama Kisigino, fundi viatu wa hapohapo kijiweni, naye akaficha mikono ndani ya buti la mteja. Mikono ilikuwa imepasukapasuka katikati ya vidole, nyekundu, inamwasha usiku kucha. Wateja walishaanza kumrushia viatu badala ya kumpa mkononi. Hata pale kwenye benchi alikuwa amebaki peke yake nchani, ingawa hakuna aliyekiri kumkimbia. Kila mtu alidai anafuata kivuli.

Basi wakaamua kumpima wenyewe. Wakamvua shati, wakambandika mgongoni kipande cha ngozi, rangi ya viatu, na chengachenga za sabuni ambayo mkewe huipika nyumbani na kuiuza mtaani. Redio akaongeza uzi wa jezi ya timu ya Kisigino, maana kila ikicheza anajikuna. Plasta zikawa zinadondoka kwa jasho. Kisigino mwenyewe, fundi asiyependa kazi ya ovyo, akawapa kopo lake la gundi ya viatu wazishikize nayo.

Kesho yake wakabandua. Kila mahali palikuwa pamevimba, mgongo kama ramani ya visiwa.

"Vyote vimemkataa," Redio akasema kwa huzuni. "Hata timu."

Wakili akatafakari, kidole kidevuni. Akauliza kama kuna wakati mikono iliwahi kutulia. Kisigino akakumbuka kwamba alipoenda msibani kwa mjomba wake, akakaa huko bila kushika kiatu, ngozi ilianza kupona.

"Huko msibani ulioga sabuni ya nani?"

"Ya dukani."

"Nimemaliza," Wakili akasema, akakaa.

Kufikia jioni hukumu ilishazunguka mtaa mzima, Redio akiipeleka nyumba kwa nyumba. Wateja wa sabuni wakaanza kupita upande wa pili wa njia. Mkewe Kisigino hakugombana na mtu. Alikusanya sufuria na vibao vyake vya kukatia sabuni, akahamia kwa dada yake, akaacha neno moja mlangoni: "Sirudi mpaka daktari aseme ni sabuni yangu au si sabuni yangu. Wale wawili wako si madaktari."

Ndipo Kisigino akaenda hospitali. Daktari wa ngozi, mama wa makamo, alimsikiliza kwa adabu mpaka alipofika kwenye visiwa vya mgongoni.

"Na vyote hivyo mlivishikiza kwa kitu gani?"

"Kwa gundi yangu ya viatu."

Daktari akavua miwani, akacheka mpaka akaomba radhi. Kisha akasubiri mgongo upoe, akampima upya kwa vibandiko vya hospitali, akamwambia asiuloweshe mpaka asomewe majibu. Majibu yalipotoka, ngozi ya kiatu ilikuwa kimya, rangi kimya, sabuni kimya. Palipowekwa kile kinachoifanya gundi inate, palikuwa pamewaka. Akamweleza kwamba huo ni mzio wa kugusana na kitu, haumwambukizi mtu, na kwamba mwili unaweza kuivumilia gundi miaka mingi halafu siku moja ukagoma. Akampa dawa ya kupaka, akamwambia atafute gundi ya aina nyingine, na inapowezekana ashone.

Kisigino akayarudisha maneno hayo kijiweni kama yalivyo.

"Mahakama haikuwa na taarifa kamili," Wakili akajitetea.

"Mahakama ilikuwa imeshika kopo," sauti ikajibu nyuma yake. Mkewe Kisigino alikuwa amesimama na beseni la sabuni kichwani. Daktari alikuwa amekwisha kumpigia simu. Akalitua beseni juu ya benchi, katikati ya vikombe. "Shemeji zangu, siku ile hukumu ilipita nyumba zipi?"

Redio akaangalia chini. "Zote."

"Basi na sabuni hii itapita zote, na ninyi ndio wauzaji."

Kisigino akainuka kuwasaidia, mkewe akamkalisha kwa jicho. "Wewe shona."

Nyumba ya kwanza ilikuwa ng'ambo ya njia, na Kisigino alisikia kila kitu pale alipokaa. Mwenye nyumba, mama mnene mwenye subira, alifungua mlango, akaitazama sabuni, akawatazama wauzaji.

"Si ninyi mliosema inawasha?"

"Mama, kisheria..." Wakili akaanza, Redio akamkanyaga mguu.

"Tulikosea," Redio akasema. "Haiwashi."

Yule mama akachagua kipande kimoja, akamshika Wakili mkono, akamvuta mpaka kwenye ndoo. Kisha akasogeza kiti, akaketi.

"Jipake wewe kwanza," akasema. "Mimi nina nafasi mpaka kesho."