Kochi la Kuvaliwa na Safari ya Houston

Jumatatu, 9 Juni 2025

Siku tatu zimebaki nipande ndege. Ayuma wangu anaolewa Houston Jumamosi, na mimi ndiye wa kumshika mkono kumwingiza kanisani. Ameniomba kitu kimoja tu: Baba, fika ukiwa macho. Ana haki. Siku ya mahafali yake nilisinzia, jina lake likasomwa nikikoroma. Miaka sita sasa, hajawahi kunilaumu. Hilo ndilo linaloniuma.

Mama yake, Muhonja, alitangulia mwezi jana. Anasema alilala ndegeni saa tisa mfululizo. Tisa! Mwanamke ambaye hapa Umoja, Nairobi, huamshwa na paka akipita juu ya mabati. Nilimpongeza kwenye simu. Rohoni nikaapa: mimi nitalala kumi. Miaka thelathini nimekuwa fundi wa makochi. Nimestarehesha migongo ya mitaa ya Umoja, Tena hadi Buruburu. Kiti cha ndege kitanishinda?

Jumatano, 11 Juni

Mpango tayari! Nimekata sponji nene nikaishonea ndani ya koti: mgongoni, mabegani, shingoni. Kochi la kuvaliwa. Nimelijaribu hapa dukani nikiwa juu ya stuli. Nimelala dakika arobaini. Mteja aliingia, akaniona, akakimbia kuita majirani akidhani nimekufa. Kazi safi.

Alhamisi, 12 Juni

Uwanja wa ndege. Askari wa ukaguzi alinibonyeza mgongo. Akanitazama. Akanibonyeza tena, kisha akamwita mwenzake naye abonyeze. Wakauliza nimebeba nini humo. Nikasema starehe. Jibu baya. Nilifumua koti mwenyewe, mshono baada ya mshono, foleni nzima ikinitazama. Sponji imebaki Nairobi. Nimepanda na kitambaa cha koti tu.

Ndege ya kwanza, safari ya saa tano. Sikupata hata lepe la usingizi. Magoti yaligusa kiti cha mbele, kichwa kikawa kinaanguka kama embe bovu.

Ijumaa, 13 Juni, angani

Ndege ya pili. Saa kumi na sita! Niko kiti cha katikati. Dirishani hakuna mtu. Upande wa pili ameketi Bi Warigia, miaka sabini na miwili, mkunga mstaafu wa Buruburu, anakwenda kuona wajukuu kwa mara ya saba.

Nikapiga hesabu. Bi Warigia akihama, viti vitatu ni vyangu. Nikaanza kukohoa. Kidogo, kisha sana. Kisha kikohozi kizito cha kutikisa meza.

Bi Warigia aliweka sikio karibu na mgongo wangu, akasikiliza, akavua miwani.

“Hicho ni cha kooni, baba. Cha kifuani nakijua. Unataka nini?”

Nikaungama yote: harusi, mahafali, Muhonja na saa zake tisa. Hakucheka. Aliuliza tu kwa nini nimejibana katikati na dirishani hakuna mtu. Nikasogea.

Akanifundisha. Nilegeze viatu. Mkoba uwe chini ya nyayo, magoti yainuke kidogo. Blanketi kwanza, mkanda juu yake, ili mhudumu auone bila kuniamsha. Maji, si kahawa. Na kwa kuwa Houston sasa ni usiku, tulale sasa. Kule mwisho tukae macho tukitembea.

Kisha akalala. Sijaona kitu kama kile! Mgongo wima, mikono imekunjwa, mdomo umefungwa, uso umetulia kama maji ya mtungini. Alikuwa ameniambia kwamba wodini alikuwa akilala robo saa kitini kati ya mtoto mmoja na mwingine. Nusu ya mitaa yetu ya Eastlands imepokewa na mikono ile. Nilimtazama jinsi fundi anavyotazama kazi ya fundi aliyemzidi.

Ndege ikaanza kuruka-ruka. Nikamshika mkono kwa woga. Hakufungua macho. Aliupapasa mkono wangu, akasema usingizini:

“Pumua, mama. Pumua. Usisukume bado.”

Nikapumua. Sikusukuma. Niliposhtuka, saa sita zilikuwa zimepita.

Jumamosi, 14 Juni

Nilikuwa macho! Nimeona kila kitu: gauni, maua, uso wa mwanangu. Mlangoni Ayuma alinong’ona, “Baba, uko hapa kabisa.” Nililia hadi madhabahuni, na sikujali nani ananiona.

Baadaye Muhonja aliuliza nililala kwa saa ngapi ndegeni. Nikasema kumi na moja. Ameduwaa. Raha iliyoje!

Jumatatu, 23 Juni

Kesho narudi. Muhonja anabaki mwezi mmoja zaidi. Bi Warigia amenipigia simu kutoka kwa wajukuu: niombe dirishani, ninywe maji, nilale saa za usiku wa Nairobi. Mwanamke wa ajabu. Nchi ingekuwa na kumi kama yeye!

Lakini hayo ni mambo ya watu wasio na akili ya kubuni. Leo, Ayuma akiwa kazini, nimenunua bendeji ndefu na fimbo. Mgonjwa wa mguu lazima apewe kiti cha mbele kabisa, anyooshe miguu kama mfalme. Nimefanya mazoezi ya kuchechemea sebuleni asubuhi nzima. Hakuna wa kunigundua.

Mguu upi? Nitaamua uwanjani.