Sigara za Usingizini

Jumatatu, 9 Juni 2025

Nimevuta! Nimevuta usiku kucha, nimekaa juu ya mgomba kama kunguru, majivu yakianguka polepole na kugeuka maua meupe ya kahawa. Halafu nimeamka. Nimenusa vidole: sabuni. Nimenusa shuka: sabuni. Kinywani, maharage ya jana. Basi sijavuta. Ila moyo ulidunda kama wa mtu aliyekamatwa.

Niweke mambo kwa utaratibu. Niliacha sigara Jumatano ya Majivu. Sababu ni Yuster. Baba yake, Mzee Juvenali wa Kirushya, aliwahi kutembelewa na mgeni aliyetupa kipisi kwenye majani makavu ya migomba. Nusu ya shamba iliteketea. Tangu hapo amesema binti yake haolewi na mtu anayetembea na moto mfukoni. Jumamosi ya tarehe 21 nakwenda kujitambulisha.

Dada yangu Kwandu, ninayekaa naye hapa Kasulo, na ambaye kwa bahati mbaya ni rafiki mkubwa wa Yuster, amesema nilikuwa napuliza usingizini kama mtu anayepoza uji. Nimemwambia nilikuwa napoza uji.

Jumatano, 11 Juni

Nimelitafakari jambo hili nikipima kahawa ya watu kwenye mizani. Uamuzi: sigara ya ndotoni haina moto, haina harufu, haichomi mgomba wa mtu. Kwa hiyo si sigara. Nashangaa wanaoacha hawaambiwi mapema.

Jana nimelala mapema, pamoja na kuku. Ndoto ikaja. Sigara ilikuwepo, ndefu kama nguzo ya umeme, nimeibeba begani. Moto hakuna! Nimetembea nayo hadi Kabanga mpakani nikiomba kiberiti. Kila mtu ananionyesha upande wa Burundi. Wa Burundi wananionyesha huku. Nimeamka na kiu.

Alhamisi, 12 Juni

Mpango: kulala na kiberiti mfukoni mwa bukta. Matokeo: viberiti tele! Nyumba ya viberiti, mvua ya njiti. Sigara sasa hakuna. Iliyobaki duniani alikuwa nayo Paschal, fundi simu wa Kabanga, amekalia kiti cha Mzee Juvenali, amekunja nne. Nimemwomba nusu. Amesema yeye hajawahi kuvuta maishani, akanipulizia moshi usoni.

Huyu Paschal naye anamtaka Yuster. Kweli hajawahi kuvuta. Hulitangaza hilo hata kwenye salamu. Leo amenikuta sokoni, akaniuliza, vipi Msukuma, mizani inasemaje? Nimemjibu kwamba alichonifanyia usiku anakijua mwenyewe. Amebaki mdomo wazi. Mnafiki! Amejifanya hakumbuki.

Jumamosi, 14 Juni

Kwandu amekikuta kiberiti akifua. Nimesema ni kwa ajili ya giza. Ameuliza, giza la kwenye bukta?

Basi sigara halisi chini ya mto haiwezekani. Kwandu ataiona, na Yuster atajua kabla chai haijachemka. Nimetafuta mbadala. Ukutani ulining'inia mrija wa tete wa kunywea pombe ya ndizi, mgeni aliusahau. Nimekata kipande, urefu wa sigara. Nimelala nacho kati ya vidole viwili.

Ee Mungu wangu!

Ilikuwa alfajiri, bonde la Ruvubu limejaa ukungu. Nimekaa kilimani peke yangu. Nikavuta taratibu, ukungu wote ukaingia kifuani mwangu, vilima vikatokea kimoja kimoja, migomba, paa la kanisa, ng'ombe wa marehemu babu tuliowaacha Shinyanga, wote wananitazama bila lawama. Nikapuliza. Kila kitu kikarudi kulala. Yuster alikuwa pembeni, anaanika maharage juu ya wingu. Akaniomba nipulize upande ule mwingine, yakauke.

Nimeamka na machozi kidogo. Sitaandika zaidi.

Jumanne, 17 Juni

Mafanikio. Nimejizoeza hata mchana, juu ya magunia ya kahawa: mrija kati ya vidole, macho nusu, pumzi chache, tayari nipo kilimani. Mkulima mmoja amenikuta nikikung'uta majivu juu ya mzigo wake, akadai upimwe upya. Sikubishana naye. Nadhani ni mimi pekee wilaya nzima niliyeacha sigara bila kukosa kitu.

Shati limepigwa pasi. Sina wasiwasi wowote.

Jumapili, 22 Juni

Nina wasiwasi.

Jana tulifika Kirushya, mimi, Kwandu na mshenga wangu Bizimana. Shikamoo, marahaba. Mzee Juvenali alinivuta karibu kama kunikumbatia, kumbe ananinusa. Kola, nywele, vidole. Akatangaza kwamba huyu ni sabuni tupu. Ushindi! Paschal, aliyekuwepo eti kutengeneza spika, akanuna.

Mtungi wa pombe ya ndizi ukawekwa katikati. Mzee akanikabidhi mrija kwa mkono wake mwenyewe. Ni heshima kubwa. Kisha Bizimana akaanza kueleza ukoo wangu, na Bizimana akianza ukoo, huanza na babu wa babu. Jua la saa tisa. Nyuki. Harufu ya ndizi zilizoiva. Mrija kati ya vidole viwili.

Pumzi chache.

Yaliyofuata nimesimuliwa na Kwandu. Kwamba niliutoa mrija mtungini, nikauvuta nimefumba macho, nikapuliza juu kwa utamu usioelezeka. Kwamba niliukung'uta, pombe ikadondokea kiatu cha Mzee. Kwamba Bizimana alinyamaza, jambo ambalo halijawahi kutokea. Na kwamba nilimwegemea Mzee bega nikamwambia, "Shikamoo baba, una moto?"

Niliamshwa na kicheko cha Paschal.

Mzee akauliza niliacha lini. Nikamwambia. Akasema mwili umeacha, roho bado imesimama dukani. Sigara niiache na usingizini pia, la sivyo binti hatoki. Paschal akadakia kwamba yeye hulala kama jiwe. Mzee akamwambia mawe hayaoi.

Ndipo Esperansia, shangazi wa Yuster, akauliza, mtu kaacha usingizini, nani atathibitisha? Wakamtazama Kwandu. Kwandu akasema yeye ana chumba chake na amechoka. Yuster, amesimama mlangoni, akasema kwa upole kwamba hilo atalijua mke tu.

Shangazi alipiga ukelele. Mzee alifuta pombe kiatuni mwake. Mwishowe akasema: harusi msimu wa kahawa ukiisha. Ila Yuster akiniona nikipuliza usingizini, hata mara moja, anarudi Kirushya na godoro lake.

Yuster alinisindikiza hadi barabarani. Hakucheka. Alisema, "Mihayo, mimi nataka mume ambaye hata akilala yupo." Nilimwahidi.

Jumatano, 25 Juni

Nimeutupa mrija jikoni kwenye moto, Kwandu akishuhudia. Nimeapa. Nimelala mikono nimeifunga kwa kitambaa. Ndoto: nipo kanisani, nasoma somo refu, hakuna moshi, hata mishumaa imezimwa. Yuster amekaa kiti cha mbele na godoro lake mapajani. Usiku haukuisha.

Leo, kwa kuwa ni mtu wa utaratibu, nimeyapitia masharti upya, neno kwa neno. Mzee alitaja sigara. Pia alitaja kupuliza. Kiko hakuna aliyekitaja. Na mzee wa kiko hapulizi. Anauacha moshi utoke wenyewe puani, kimyakimya, na mke aliye pembeni haoni kitu.

Nimeazima mwiko mdogo wa Kwandu. Unakaa vizuri sana mkononi.