Ombi la Upanga wa Chenso Kutambuliwa Kama Jani la Sale

Kwa Mama Mwenyekiti Flavia,
Jumuiya ya Mtakatifu Ana,
Uru.

Tumsifu Yesu Kristo.

Kwanza shikamoo, kwa kuwa wewe ni shangazi wa mke wangu Monica na kwangu ni mama. Baada ya shikamoo hiyo naomba undugu tuuweke pembeni kidogo, maana haya nayaandika kama muumini aliyedhulumiwa. Sisi ni wazima, ng'ombe ni mzima. Choo ndicho kisicho kizima, na sababu yake unaijua.

Jumamosi, baada ya sala ya jumuiya, uliingia stoo kwangu na spana, ukafungua plagi ya chenso yangu ya akiba, ule msumeno wa injini, ukaifunga kwenye leso na kuitia katika mkoba pamoja na rozari. Ukasema, "Valerian, hii nitakaa nayo mimi." Watu wakapiga makofi. Sijawahi kuona jumuiya yetu ikipiga makofi kwa moyo mmoja namna ile. Naomba plagi yangu irudishwe, na hoja zangu ni hizi zifuatazo.

1. Kuhusu ununuzi. Chenso yangu kubwa iko kwa fundi Moshi mjini, kabureta imeleta shida. Mwanamume mwenye kihamba, shamba la migomba la ukoo, hawezi kukaa bila chenso ya akiba. Monica anasema wanaume wa Uru walikaa bila hata chenso ya kwanza vizazi na vizazi na mlima haukuhama, lakini Monica hajawahi kustaafu. Nikanunua ndogo iliyotumika kwa mstaafu mwenzangu wa Rau. Ilikuwa injini tupu, haina mnyororo wala upanga, yaani ule ubapa mrefu wa chuma ambao mnyororo huuzunguka.

Nikaenda dukani kwa dada mmoja anaitwa Pamela. Akaniambia, "Mzee wangu, mashine ndogo chukua upanga mfupi, ndiyo itauweza. Na mnyororo ulingane na mfereji wa upanga, usije ukachanganya." Ulikuwa ushauri mzuri sana. Nilimshukuru, kisha nikanunua upanga mrefu kuliko wote dukani. Naomba unielewe, Mama. Kutoka barabarani mpaka kwangu ni mwendo, na watu hukaa nje jioni. Upanga mfupi ungeonekana kama kisu cha kukatia mkate, na watu wangesema mwalimu kaishiwa.

Mnyororo sikununua kabisa. Nilikuwa na wa zamani wa ile chenso kubwa, umetundikwa stoo, na urefu ulilingana. Pamela aliuliza kama na unene unalingana. Nilimjibu kwamba nimefundisha hesabu sekondari maisha yangu yote. Akaniandikia risiti, na mimi nikadhani nimeshinda.

2. Kuhusu mti. Jirani yangu Basili alikuwa na mgrivea ulioinamia banda la ng'ombe wake. Aliniomba nimkatie, lakini akasema nisubiri chenso kubwa itoke kwa fundi. Nilijitolea kukata siku ileile. Hapo nataka jumuiya iandike vizuri: nilijitolea. Kosa langu lote lilianzia kwenye ukarimu.

Mnyororo ulikuwa mwembamba kuliko mfereji, ukawa unacheza kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Nilielekeza upanga kulia, wenyewe ukaenda kwa kupinda. Injini ikalia kwa uchungu kwa sababu upanga ule haikuuweza. Basili akaniita kwa heshima ya kwetu, "Mbe, acha! Inakata upinde hiyo!" Nilimwambia ni mbinu. Mti ukazunguka, ukapita juu ya mpaka, ukakilalia choo changu. Waswahili husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi guu sikuvunjika, na nadhani jambo hilo lilipaswa kuhesabiwa upande wangu.

Tena banda la Basili halikuguswa! Kwa maana ya kazi niliyoombwa, kazi ilifanyika.

3. Kuhusu uzio. Hapa ndipo panaponiuma, na nitajaribu kupaandika bila utani. Mti ulipoanguka uliyalaza baadhi ya masale ya mpakani kwetu, ile mimea ya majani marefu iliyokuwa uzio wetu. Unayajua. Yalipandwa na marehemu mama yake Basili, yule aliyekuwa akitupa ndizi mbivu mimi na Basili tukiwa wadogo, kila mtu upande wake wa uzio. Niliona aibu kuyaacha yamelala upande mmoja, nikasema nisawazishe kwa chenso. Nikasawazisha kushoto, kulia kukawa juu. Nikashusha kulia, kushoto kukazidi. Nilifanya kama mtu anayepunguza masharubu bila kioo, na mwisho nilipozima mashine uzio wote ulikuwa chini mpaka shinani, kutoka migombani hadi barabarani.

Basili alisimama akatazama. Aliokota vijiti vichache, akaingia ndani.

4. Kuhusu kutosalimiwa. Tangu siku hiyo Basili hanisalimii. Anamsalimia Monica. Anamsalimia ng'ombe wangu kwa jina. Na kwa kuwa uzio haupo, tunaonana kutwa nzima: yeye anakunywa chai ananiona, mimi nanyoa ndevu ananiona, na choo nacho hakina ukuta, sitaki kueleza zaidi. Mbege ya juzi nilikunywa peke yangu. Ilikuwa tamu na sikuimaliza. Huyu ni mtu niliyepokea naye Komunyo ya Kwanza, Mama. Naomba jumuiya imwamuru anisalimie, angalau asubuhi.

5. Kuhusu sale lenyewe. Najua utasema, kama Monica anavyosema kila siku, kwamba mila iko wazi: aliyekosa achukue jani la sale, aende kwa aliyemkosea, na sale halikataliwi. Sawa. Nichume wapi? Masale yangu na yake yalikuwa ni yale yale, na nimeyakata yote. Huenda mimi ndiye mtu wa kwanza kwenye mteremko huu aliyetenda kosa na kuharibu dawa yake kwa pamoja. Nikienda kuomba jani kwa majirani wengine, kwa Tito au kwa Sylvanus, kila mmoja ataniuliza nimemkosea nani, ilhali wanajua, na watataka nisimulie tena ile sehemu ya choo.

Kwa hiyo nimefikiri sana, na naleta ombi rasmi. Jumuiya iutambue upanga wa chenso yangu kama jani la sale. Ni mrefu. Ni bapa. Mbele umechongoka kidogo, ukiutazama kwa nia njema. Nimeanza kuupaka rangi ya kijani iliyobaki tulipopaka mageti, na ikikauka nitaupeleka kwa Basili kwa mikono miwili kama mila inavyotaka. Ninachohitaji ni barua yako yenye muhuri, ili asiukatae. Tena upanga una faida ambayo jani halina: haunyauki, na mtu anayetarajia kukosea tena anaweza kuutumia miaka mingi.

Jumuiya ikikubali hili, plagi nayo irudi, kwa maana haiwezekani nusu ya mashine iwe chombo cha upatanisho na nusu nyingine iwe kizuizini mkobani.

Naishia hapo kwa unyenyekevu wote niliobakiwa nao. Nisalimie baba, wapangaji wako, wanakwaya wote hata waliopiga makofi, na kipekee mzee Godbless aliyesimama kabisa ili apige vizuri.

Mimi, muumini wako mwenye kinyongo kidogo,
Mwalimu Valerian

N.B. Mama, barua nilikuwa nimeshaifunga, nimelazimika kuifungua. Kwa kuwa uzio haupo, Basili aliniona nikipaka rangi. Alivumilia mkono wa kwanza wa rangi. Nilipoanza wa pili akavuka, akauliza napaka nini, nami nikamweleza. Alicheka mpaka akakalia gogo la mgrivea wake, halafu nikaona analia, na mimi nikalia.

Akarudi kwake, akatoka na kopo la rangi lenye udongo. Vile vijiti alivyookota siku ile vilikuwa vipande vya masale ya mama yake. Alikuwa amevipanda, na kimoja kilikuwa kimechipua. Akachuma jani la pekee lililokuwepo, akaniwekea mkononi. "Mbe," akasema, "nimechoka kunyamaza. Shika hili, unipe."

Nikampa. Akalipokea.

Kesho tunaanza kupanda upya mpakani, kwa jembe. Kuhusu plagi, Basili anakuomba kwa heshima zote uendelee kukaa nayo, na mimi naunga mkono.