Mwili Mmoja, Akaunti Moja

Jumatatu, 3 Machi

Na hilo la akaunti sikulimaliza jana, kwa sababu mke wangu aliniita nionje kama chai imekolea, na mtu akiitwa na mke wangu hawezi kubaki anaandika. (Ilikuwa imekolea. Kila anachokigusa hukolea.)

Basi. Tulipooana tulikubaliana kutofichana kitu. Kitanda kimoja, kabati moja, dawa ya meno moja. Mimi nikaenda mbele zaidi: hata programu ya podikasti, akaunti moja, simu zetu zote mbili. Mwili mmoja, akaunti moja. Nenosiri ni jina lake. Nilipomweleza Sindano, fundi mwenzangu wa makochi pale karakana, alitoa misumari mdomoni ili aseme vizuri. Akasema, bwana harusi, hata mapacha hawafanyi hivyo. Wivu tu. Anapika mwenyewe, anakula mwenyewe, anaosha mwenyewe.

Leo programu imejisasisha na kuja na mambo mapya. Nimeyasoma yote nikiwa nimekaa kwenye kochi la mteja. Kuna "Endelea ulipoishia": ukisimamisha kipindi kwenye simu moja, nyingine inakiendeleza palepale. Yaani yeye akisimamisha kule duka la dawa anakofanya kazi, mimi naendelea huku kwenye sponji! Ni kama kushikana mikono kwa mbali. Kuna "Ruka ukimya", inayokata sehemu zisizo na sauti. Kuna historia, inayoonyesha kila kilichosikilizwa na kwa kasi gani. Na unaweza kurekodi swali kwa sauti yako likamfikia mtangazaji.

Jioni nilimsomea yote huku anakunja nguo. Akasema vizuri. Laiti ningeweza kuandika jinsi anavyolisema neno "vizuri".

Jumanne, 4 Machi

Msiba.

Nilifungua historia nione mpenzi wangu amesikiliza nini, ili jioni tuwe na la kuzungumza. Nilitegemea visa vyake vya upelelezi. Nikakuta kipindi cha Bi Tulizo, yule mshauri wa ndoa mwenye sauti ya mtu anayebembeleza mtoto: "Dalili za Mume Anayechosha". Kimesikilizwa mpaka mwisho. Kwa kasi ndogo! Mtu hapunguzi kasi ila anataka kila neno limwingie. Sehemu ya kukoroma imerudiwa. Na chini yake kingine: "Ndoa Iliyopoa".

Iliyopoa! Picha za harusi bado ziko kwa mpigapicha!

Nilijifungia stoo ya vitambaa nikasikiliza chote. Mume anayechosha hukoroma. Akiulizwa ameshindaje, hueleza mpaka chakula kinapoa. Na husimulia kisa kilekile kila siku. Nikajipima. Kisa cha jinsi tulivyokutana (nilijigonga kidole kwa nyundo, yeye ndiye aliyeniuzia plasta, nikasahau maumivu) nimemsimulia tangu tuoane bila kupumzika. Na yeye alikuwepo!

Nilimuuliza Sindano kama mimi hukoroma. Akasema ile siku nilipopitiwa mchana juu ya sponji, mteja alidhani tumeacha cherehani inajiendesha.

Nimeamua. Sitamwambia kitu. Nitabadilika kimyakimya mpaka ashangae. Jioni nikamuuliza ameshindaje. Akanijibu. Nikamuuliza tena, asije akadhani ni mazoea. Akaniwekea mkono kwenye paji la uso kuona kama nina homa. Mkono gani ule! Kuupoteza mkono ule siwezi.

Jumatano, 5 Machi

Bi Tulizo anasema dawa ya kuchosha ni kumshtukiza mwenzako kwa zawadi pale asipokutegemea. Ni wazo la kitaalamu.

Asubuhi nikamtengenezea ua la mabaki ya velveti nyekundu. Shina, waya wa springi ya kochi. Zuri mno, ila lilikuwa likitikisika lenyewe. Mchana nikaingia duka la dawa kwa kunyata, nikajibanza nyuma ya rafu ya nepi. Nikasikia viatu vinakuja. Nikaruka na ua mbele, nikasema, "Malkia wangu."

Alikuwa mfamasia. Mama mmoja mkali, mwajiri wa mke wangu, na alikuwa amebeba trei ya dawa za kikohozi. Springi ilimgonga puani. Trei ikaenda chini.

Nilipiga deki duka zima. Dawa ya kikohozi ni kama gundi, inabidi kurudia. Mfamasia alisimama juu yangu akanieleza kwamba wateja wengine hutumia mlango na hupanga foleni. Mke wangu alicheka mpaka akashikilia kaunta. Nikajisemea, tiba imefanya kazi!

Haijafanya kazi. Jioni alikuwa akiniangalia kwa pembe ya jicho, kama mtu anayekagua noti. Alipoingia kuoga nikafungua historia. Leo hii hii amesikiliza "Mume Akianza Vituko Ghafla, Anaficha Nini?" Na safari hii kwa kasi kubwa. Maana yake ana haraka ya kuamua.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu juu ya aibu. Asubuhi alikuja mteja, mama wa makamo, kuchagua kitambaa cha makochi yake. Nikataka kumchangamsha. Nikaunganisha simu na spika ya karakana, nikabonyeza, nikijua tulipoishia ni mjadala wangu wa mpira. Kumbe akaunti ilikuwa imeishia kwingine. Sauti ya Bi Tulizo ikajaa karakana, polepole, neno moja moja: mume... anayekoroma... hajui... kwamba mkewe... halali.

Yule mama hakucheka. Aliniuliza kwa upole tumeoana lini. Akasema nilale kwa ubavu, niache kula nikashiba sana usiku, na nisikate tamaa. Sindano akamwambia mama, huyu tunamwombea wote hapa. Mama akachagua kitambaa cha kijivu. Nadhani ni kwa kunihurumia.

Nimekata shauri kwenda kwa Bi Tulizo mwenyewe. Kwa sauti, kwa ile njia mpya. Lakini mke wangu humsikiliza, kwa hiyo lazima nijifiche. Nilipindua kochi la watu watatu ambalo bado ni fremu, nikalifunika kwa mablanketi, nikaingia ndani. Nikaziba pua. Nikajiita mzee mstaafu. Nikasema nina mke ninayempenda kupita kiasi, ameanza kunichoka, na sijui nifanye nini ili abaki ananitaka. Nilitua kila baada ya maneno machache, ili nionekane mtu mzima mwenye uzito. Huko nje Sindano alikuwa anapiga pini kwenye kochi jingine, tak tak tak. Haijalishi. Hakuna atakayenijua!

Ijumaa, 7 Machi

Amenijua.

Ilikuwa jioni. Yeye anapiga pasi, simu yake iko mezani, Bi Tulizo anajibu maswali ya wasikilizaji. Mimi natengeneza mguu wa stuli uliokuwa mzima. Mara nikasikia pua yangu. Ila mke wangu alikuwa amewasha "Ruka ukimya", kwa hiyo mitulio yangu yote ya heshima ilikuwa imekatwa. Yule mzee mstaafu mwenye uzito alitoka kama kijana anayenadi soksi. Nyuma yake, tak tak tak.

Pasi ilisimama hewani.

"Huyo ni wewe," alisema.

Nilikana. Na sijui kwa nini, nilikana nikiwa nimeziba pua.

Akaketi juu ya nguo zilizonyooshwa, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Nilidhani wewe ndiye umenichoka. Nilikuta 'Ndoa Iliyopoa' kwenye historia, nikajua ni wewe unasikiliza. Halafu ukaanza kuniuliza mambo mara mbili mbili, ukaja kumrukia bosi wangu. Wiki nzima najiuliza nimekosea nini."

Nikamwambia mimi nilidhani ni yeye. Akasema yeye alisikiliza kile cha vituko tu, na haraka haraka, kwa hofu. Tukatazamana. Nikamwambia siwezi kumchoka hata nikilipwa. Akasema yeye anakipenda kile kisa cha plasta, na kila nikikisimulia kidole kinazidi kuvimba. Tulilia wote wawili, kwa raha. Pasi ikaunguza shati langu la harusi. Acha liungue!

Lakini kama si yeye wala mimi, nani?

Tulikuwa bado tumeshikana, simu yake ikalia. Mama mkwe, tukamweka kwenye spika. Kwanza aliniuliza mafua yangu yanaendeleaje, maana amenisikia kwa Bi Tulizo na pua imeziba kabisa. Kisha akaomba, kama si usumbufu, tuache kumwingizia mpira. Yuko katikati ya kipindi chake, mara wanaume wanagombana kuhusu penalti.

Mke wangu akajipiga kofi la kichwa. Wiki ya harusi alimpa mama yake simu yake ya zamani. Hakufuta kitu. Akaunti yetu imo humo!

Basi ndiye yeye wa kasi ndogo. Ndiye wa kurudia kukoroma. Kumbe anayechosha si mimi, ni baba mkwe! Furaha niliyoipata si ya adabu, naificha humu. Mke wangu akamuuliza taratibu kama kuna tatizo nyumbani.

"Hakuna tatizo, mwanangu. Baba yenu nimekuwa naye tangu wote tuna meno. Ningekuwa nimemchoka ningesikiliza taarifa ya hali ya hewa. Nasikiliza huyo bibi kwa sababu bado namtaka. Ila msimwambie."

Tukasema hatutamwambia. Mke wangu aliapa. Mimi nilitikisa kichwa, na kwenye simu kichwa hakionekani.

Jumamosi, 8 Machi

Jua limetoka kama siku ya harusi. Mke wangu ameimba akipika. Akaniomba jambo moja: kila mtu awe na akaunti yake. Nikakubali kwa moyo wote. Amefungua yake, amenifungulia yangu, ile ya zamani tumemwachia mama.

Lakini nilipofika karakana nikaanza kumwaza mama mkwe. Peke yake kwenye akaunti. Anampenda mzee, mzee hajui. Hivi sisi tulipataje kulia vizuri vile jana, kama si kwa kuwa kila mmoja aliona anachosikiliza mwenzake? Ni akaunti moja iliyotuokoa! Sindano amesema ni akaunti moja iliyotaka kutuua. Hawezi kuelewa, hajaoa.

Nimekwenda stoo ya vitambaa nikampigia baba mkwe. Nikamweleza kuna programu nzuri sana ya kusikiliza, imetoka mpya, na mimi mwenyewe nitakuja kumwekea kwenye simu yake. Nenosiri la ile akaunti ya zamani ninalo. Kuhusu mama sitamwambia hata neno, ahadi ni ahadi. Atajisomea mwenyewe kwenye historia.

Mzee amefurahi. Ameuliza kama humo kuna vipindi kuhusu wake ambao ukiwasimulia kitu hawasikilizi. Nikamwambia vipo tele, vitakaa palepale juu ambapo na mama ataviona. Akasema basi nisichelewe.

Nimwambie mke wangu? Hapana, nataka ashtuke kwa furaha. Nimemwambia tu kwamba nimewakumbuka wazazi, na akanikumbatia mpaka misumari ikanitoka mfukoni. Ameshampigia mama kwamba tunakuja, mzee anasubiri: kabla mwezi haujaisha tutakuwa tumefika kwao, na simu ya mzee nitaishika mimi.