Povu la Sikukuu ya Kaizari

Dodoma, Jumapili, 21 Januari 1912

Gari la moshi limeleta kasha. Ndani, chupa sita za divai ya povu kutoka Udachi, zimelazwa kwenye majani makavu kama watoto wa mfalme. Ni za Jumamosi, sikukuu ya kuzaliwa Kaizari. Bwana Stesheni, ambaye mimi ni boi wake wa meza, atawakaribisha Wadachi wote wa hapa, hata Bwana Shauri wa boma. Mezani itakuwepo Bole.

Bole si mchezo. Ni bakuli kubwa la kioo: unakatia matunda, unatia sukari, unamiminia divai ya povu, watu wanateka kwa upawa na kumtakia Kaizari umri mrefu. Bwana akauliza nani anajua kuichanganya. Mpishi wetu, mzee Zaidi, akatazama vidole vya miguu yake. Mimi nikasema naijua kama ninavyolijua jina langu Yotham. Dar es Salaam, hoteli ya Wadachi, niliichanganya mpaka mabwana wakubwa wakalia machozi!

(Kweli ni kwamba nilikuwa naosha bilauri. Lakini bilauri za Bole! Mwosha bilauri anakijua kinywaji kuliko mnywaji.)

Nikapewa kazi. Ufunguo wa stoo, hata hivyo, akapewa Zaidi. Zaidi! Mrangi wa Kondoa, mtu wa msikiti, hajapata kugusa pombe hata kwa ncha ya ulimi. Nikamwambia Bwana kwamba mtu huyo hajui thamani ya anachokilinda. Bwana akasema ndiyo maana kapewa. Akaongeza kwamba chupa zisipotimia, mwenye ufunguo atalazwa kifudifudi bomani, viboko hamsa ishirini. Zaidi akautia ufunguo mfukoni mwa koti. Mimi nikacheka. Hainihusu.

Jumatatu, 22 Januari

Nimewaza. Bole ya moto ni mchuzi. Stoo ya Bwana ni ya mabati, humo hata panya anatoka jasho. Barafu Dodoma hakuna. Akili ipo.

Nilikumbuka ya hotelini: gunia lililoloa, na upepo. Na upepo, Mungu hakutunyima Wagogo. Paa la tembe la shangazi yangu Loisi ni bapa, la udongo, ndipo tunapoanika mboga na kuweka kila kitu tusichotaka kiliwe na mbuzi. Upepo unapita hapo kama una haraka ya kufika Bahi.

Zaidi akaenda kuswali adhuhuri, akaacha ufunguo kwenye koti, na koti kwenye msumari. Nikamkopa. Chupa zikapanda paani kwa shangazi, zikavikwa gunia bichi. Nikaenda kujinyoosha kivulini. Fikra zinachosha mwili.

Gunia likakauka!

Nikaamshwa na mlio. Paa! Kisha tena, paa! Shangazi akatoka na mchi mkononi. Jirani Silvano akakimbilia mtamani akipiga yowe kwamba askari wa kodi wamekuja na bunduki. Kizibo kimoja kilimpata jogoo, na tangu hapo anatembea upande upande. Nikapanda paani kuokoa. Mguu ukazama kwenye udongo, nikatoboa tundu. Divai ikapitia hapo hapo, ikamdondokea shangazi kichwani. Akalamba mkono. Akasema si mbaya, ila aliyeipika hakuwa na subira.

Nikazirudisha chupa zote sita kashani, tupu, vizibo nikavigongomea. Ukitazama kwa mbali, hakuna kilichotokea. Nani atatazama kwa karibu?

Jumanne, 23 Januari

Zaidi alitazama kwa karibu.

Alilinyanyua kasha ili afagie, likanyanyuka kama kikapu cha pamba. Nilijiandaa kwa matusi, nilikuwa na yangu mazuri ya kumrudishia. Hakutukana. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, akasema polepole kwamba ana wajukuu, na mgongo wake haujapata kuchapwa na mtu yeyote, hata baba yake.

Hapo nikahisi kitu kifuani. Kiungulia, nadhani. Nikasema nakwenda sasa hivi kwa Bwana kusema ni mimi. Nilikwisha shika njia! Zaidi akaniita, akasema niende tu: Bwana atamchapa mwizi kwa kuiba na mwenye ufunguo kwa kuuacha msumarini. Migongo miwili, na Bole bado haipo. Kisha akanitazama vile anavyomtazama samaki aliyelala, akasema, we Mgogo, uliyeleta jua ndiwe utakayeleta mvua.

Nimeapa kwa ng'ombe wa babu yangu. (Walikufa wote kwa sotoka, lakini kiapo ni kiapo.) Mgongo wa yule mzee hautaguswa. Kaizari atapata povu lake, hata kama nitalipuliza mwenyewe kwa mdomo.

Jumatano, 24 Januari

Nimepata njia. Wanzuki, pombe ya asali!

Shangazi Loisi anapika wanzuki kushinda mtu yeyote kutoka hapa hadi Mpwapwa. Alibatizwa kule Mvumi, lakini anasema yeye ndiye aliyebatizwa, asali haikuwemo. Wanzuki yake ina rangi ya dhahabu na inachemka yenyewe bila moto. Nini tena anataka Kaizari?

Nikaenda na shikamoo ya unyenyekevu kabisa. Shangazi akasema marahaba, na wanzuki nitapata, maana mimi ndiye mtoto wa pekee wa kaka yake, kwa bahati mbaya. Ila kwanza nizibe lile tundu nililotoboa paani. Nikasema kesho, shangazi. Leo ni siku ya akili, si ya udongo. Akanitengea chungu kizima, kikakaa ndani penye ubaridi, kingoje Jumamosi.

Ukiiomba mvua ya Ugogo, inakwenda Kilosa. Leo hakuna aliyeiomba. Alasiri ikashuka kana kwamba imepasuka, ikapita kwenye tundu langu, ikaingia kwenye chungu changu na udongo wote wa paa. Hakuna tone lililokosea njia. Sasa nina chungu cha tope tamu.

Shangazi hakupiga kelele. Alisema neno moja tu: kesho. Sauti yake ilikuwa yangu kabisa. Familia yetu tuna kipaji.

Nilipompasha Zaidi habari, aliuliza kama huko kwenye hoteli niliwahi kubakiza bilauri hata moja nzima. Anaogopa, mzee wa watu. Usiku hali chakula alichokipika mwenyewe, na yeye ni mpishi mzuri, ingawa sitamwambia.

Alhamisi, 25 Januari

Nimeziba tundu. Udongo mpaka kwenye nyusi. Wanaopita wakiniuliza nafanya nini, nawajibu nimetumwa na serikali.

Na sasa, andika vizuri, mkono wangu, maana jambo hili ni kubwa.

Mchana shangazi alikuwa jikoni. Mlenda motoni, na pembeni kibuyu cha maji ya ubuyu, ametia asali, ya kunipoza mimi fundi. Akaniambia nitie magadi kidogo kwenye mlenda, yale magadi meupe ya Bahi, uive upesi. Kazi ya mtoto. Lakini kichwa changu kilikuwa Udachi. Nikachota, nikatia kwenye ubuyu.

Ukanguruma! Ukapanda! Povu jeupe likatoka mdomoni mwa kibuyu, likashuka mkononi mwangu, likaendelea kunitekenya mpaka kwenye kiwiko. Shangazi akasema mjomba wangu naye alianza hivi hivi, kutia magadi asipoambiwa, na mwisho akaoa Mpwapwa. Mimi nikawa nacheza. Nikaonja. Pua ikachomwa na mapovu kama ya divai yenyewe!

Ladha ilikuwa ya sabuni. Hilo ni dogo.

Ijumaa, 26 Januari

Nimepeleka stoo kwa Zaidi ubuyu, asali, ndimu na magadi, na maembe yaliyokuja kwa gari la moshi kutoka Morogoro. Swali lake la kwanza: kuna pombe humo? Nikasema hata harufu. Akatoa kijiko mfukoni.

Kumbe huyu mzee, kazi yote ya Bole ilimshinda kwa sababu moja tu, hawezi kuonja. Leo anaonja! Akasema ya kwanza ni ya kufulia mashuka. Ya pili ingemponya ng'ombe aliyevimba. Nikasema ulimi wake una kutu ya pilau. Akasema wangu una kutu ya maneno. Akaongeza ndimu, akapunguza magadi, akachuja ubuyu kwa kitambaa mpaka ukaacha kuwa uji. Tuligombana asubuhi nzima, na kila tulipogombana ikawa tamu zaidi. Mwisho akafumba macho, akameza, akapiga mbweu kwa heshima, akasema alhamdulillahi. Mara ya kwanza wiki hii nimemwona akicheka.

Tatizo: povu halidumu. Inzi akitua na kuruka, limekwisha. Basi magadi yaingie mezani, mbele ya wageni, dakika ya mwisho. Nitayaweka kwenye bakuli la sukari. Mchana kweupe! Wizi wa mchana hauna shahidi.

Zaidi amenionyesha kijiko. Kimoja, akasema. Kimoja tu, Yotham. Amelirudia mpaka nikamwuliza kama ni aya.

Jumamosi, 27 Januari. SIKUKUU

Naandika nikinuka ndimu.

Asubuhi gwaride bomani, bendera, mizinga ya kelele. Mchana mabwana wakaja, ndevu zimepakwa nta, medali vifuani. Bwana Shauri akakaa katikati akiwa ameshika tumbo. Limemsumbua tangu safari ya Kilimatinde, limejaa upepo, hata salamu anaitoa kwa uchungu.

Niliingia na kanzu nyeupe. Bakuli la kioo, maembe yanaelea, ubuyu una rangi ya mbalamwezi. Na pembeni nilizipanga chupa sita za Udachi, karatasi zake za fedha zinameremeta. Tupu, ndiyo. Chupa ukishaimimina, inakuwaje? Nani atabisha?

Mlangoni, Zaidi. Kofia ameivua, anaikamua kama tambara. Ananionyesha kidole kimoja.

Bwana Stesheni akainua upawa, akalitaja jina la Kaizari, wote wakasimama. Zamu yangu. Nikashika kijiko. Nikatazama wale watu wazima wote wananingoja mimi, Yotham, mtoto wa mfuga mbuzi. Kijiko kimoja kwa Kaizari? Hata mlenda wa shangazi unapata zaidi!

Nikamimina bakuli zima la sukari.

Mama yangu! Povu lilisimama kama mtu aliyeitwa jina. Likapita ukingo, likafunika kitambaa cha meza, likabeba vipande vya embe vikawa vinasafiri. Embe moja likapanda kwenye kifua cha Bwana Shauri, likaketi kati ya medali. Zaidi mlangoni akawa ameanza kutoa shahada.

Kisha Bwana Stesheni, asiyetaka kuaibika mbele ya wageni wake, akapiga makofi! Akasema hata Berlin hawajaona Bole hai. Wote wakapiga makofi. Wakateka, wakanywa. Bwana Shauri alikunywa bilauri mbili, akabadilika rangi, akapiga mbweu. Hiyo haikuwa mbweu ya kawaida. Mbwa wa stesheni walijibu. Akashika tumbo, tumbo limelala! Akamkumbatia Bwana Stesheni.

Baada ya hapo sijui niseme nini. Waliimba. Yule wa posta alilia kwa kukumbuka kwao. Mmoja alishuka kwenye kiti akakosa ardhi, akasema divai ya mwaka huu ni kali mno. Nimewaona kwa macho yangu mawili Wadachi wamelewa ubuyu.

Jioni Bwana akaita jikoni. Akauliza kama chupa zilitimia. Zaidi akasema zote sita ziko mezani, Bwana anaweza kuhesabu. Bwana akahesabu, akatosheka. Akampa Zaidi mkono kwa kuzitunza vizuri.

Zaidi! Mkono! Mimi niliambiwa nifue kitambaa.

Nilikasirika muda wa kufua pembe moja. Kisha Zaidi akaja, akachutama, akashika pembe ya pili bila kusema kitu, mgongo wake mzima chini ya kanzu. Basi hasira ikaniishia. Lakini sikumwachia sabuni.

Jumapili, 28 Januari

Zaidi ameniletea paja la mbuzi na pilau. Tumekula kwa shangazi, wanzuki kwa anayekunywa, ubuyu kwa asiyekunywa. Jogoo bado anatembea upande.

Bwana Stesheni ameamka mchana, kitambaa cha maji kichwani, anasema kichwa kinamgonga. Akasema hiyo ndiyo alama ya divai nzuri. Ameshaandikia Dar es Salaam: Pasaka anataka Bole ile ile, na yaje makasha mawili!

Zaidi amenishika bega. Akasema kwa upole safari hii chupa zikae stoo, chini, kwenye mchanga, na mimi nisizikaribie hata kuzisalimia. Shangazi akasema amina kabla hajamaliza.

Maskini, ni watu wema lakini hawakutembea duniani. Chupa ziachwe ziokwe stooni? Mimi nimekwisha ligundua kosa, na ni dogo kabisa. Paa la shangazi linatazama jua la adhuhuri. Paa la Zaidi linatazama Kondoa, upepo mtupu, na tena nimeshapima: zinaenea zote, na magunia.