Noreen Pengelly na Karavani Kinyumenyume

Vuteni viti vyenu vya kukunja, enyi wasafiri wa nyika na wanywa bia baridi, nzi wafukuzeni na vinywa mvifunge, niwasimulie vita vya kambi ya mtoni, na ushujaa wa Noreen binti wa mji wa Dubbo, Mshika Usukani, Mnyamazisha Majemadari, aliyeiingiza karavani, nyumba ya kukokotwa na gari, kinyumenyume baina ya mkalitusi na bomba la maji.

Tangu waoane, mwenye usukani alikuwa mumewe, Des Pengelly, Simba wa Barabara Kuu. Noreen ndiye aliyeshuka kila jioni kusimama ubavuni, kando ya mkia wa ile nyumba ya magurudumu, amwelekeze Simba, na ujira wake ukawa kufokewa. Lakini Des alipanda ngazi kusafisha mifereji ya paa, ngazi ikamkana, mkono ukavunjika, na usukani ukahamia kwa mkewe. Sharti lake Des alilitangaza langoni mwa kambi, sote tukisikia.

"Ukiigonga, mama, kesho tunageuza kurudi nyumbani. Habari za bahari ya magharibi zimeisha."

Na Noreen aliitamani bahari ile tangu wanawe wakiwa wadogo. Nilimwonea huruma, lakini kiti sikukiacha.

Kwani katika kambi zetu, saa ya bia ikiwadia, hakuna ngoma wala sinema ipitayo mgeni anayerudisha karavani nyuma. Viti vyote humgeukia, na kila aketiye huwa jemadari, silaha yake neno la tahadhari.

Noreen akarudi nyuma shibri moja. Glenys, mwenye kofia ya majani, akafyatua wa kwanza. "Polepole, bibie." Mumewe Merv akainua kopo lake kama ngao. "Tahadhari kabla ya hatari, wahenga walisema." Nami sikubaki nyuma, nikarusha "jihadhari" yangu, neno lisilomfaa mtu ila msemaji. Naye Des, aliyejificha kule nyuma asikoonekana, alinguruma, "Angalia! Angalia!"

"Niangalie nini, Des? Mti, bomba au ndege?"

"Angalia tu!"

"Neno hilo nilikwambia mimi kule kambi ya Mildura, ukaniuliza macho yangu nimeyaacha wapi."

Mkia wa karavani ukapinda kuliendea bomba, na maneno yakamnyeshea mama yule. Yajueni maneno hayo, enyi wasikilizaji. "Hadhari" hutamkwa na asiyejua hatari iko wapi, ila angependa aonekane alijua. "Polepole" huambiwa aliyekwisha kusimama. Na mfalme wao, "nilikwambia", hulala kinywani kwa adabu mpaka kitu kipasuke. Merv alikwisha kulifungulia mlango.

Ndipo Noreen akazima gari. Akateremka, akasimama mbele ya majeshi, mikono kiunoni, nasi tukaacha kutafuna karanga.

"Jamani, nawashukuru," alisema. "Kila mmoja amenionya, na hakuna aliyeniambia kitu. Glenys mwenzangu, polepole ndiyo hii, gari limezimwa. Merv, kunywa bia yako, inapata moto."

Kisha akamshika mumewe bega lililo zima, akamtoa mafichoni, akamsimika ubavuni, kando ya bomba.

"Hapa. Nikiketi, utafute uso wangu kwenye kioo cha ubavuni mwa gari. Ukiuona, nami nakuona. Usipouona, hata uimbe sina habari nawe. Maneno yako ni mawili, 'njoo' na 'simama'. Mengine yameze."

"Na ukiukaribia mti?"

"Simama."

"Na ukilikaribia bomba, je?"

"Des."

"Simama," akajibu Simba wa Barabara Kuu.

Injini ikavuma. Noreen akaupeleka usukani kushoto ili mkia uende kulia, kama ilivyo sheria ya viumbe hivi vya kukokotwa, na karavani ikajongea. "Njoo," alisema Des, kwa sauti ambayo nadhani hata yeye hakuwahi kuisikia. "Njoo. Njoo. Simama." Ikasimama. Kati yake na bomba palibaki upana wa kiganja cha mtu, na mkalitusi haukupoteza hata kipande cha gome. Glenys aliondoka kitini akapiga makofi.

Des hakuondoka pale alipowekwa. Alikitazama kioo kwa muda.

"Siku zote ulikuwa unasimama hapa?"

"Hapa hapa."

"Nami kioo sikukitazama."

"Ulikuwa unafoka," alisema Noreen.

Des akatugeukia, uso umemwiva. "Kesho tunaelekea magharibi," alitangaza. "Anaendesha yeye. Mimi nitaelekeza."

Basi andikeni, enyi watunza tarikhi. Katika kambi ya mtoni, mbele ya mashahidi wenye bia mkononi, mume wa mtu alisimama mahali alipoambiwa na mkewe, akasema aliyoambiwa tu, na rangi ya karavani haikuchubuka.